Opareta na Watoto Wake Wawili

Mama yangu alikuwa opareta wa simu kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo akikaa dirishani mchana mikono yake bado iko kazini. Mkono wa kulia unapanda, unachomoa kitu hewani, unakichomeka mahali pengine, halafu unashuka taratibu mapajani na kutulia. Ukimtazama kwa muda, jua likiwa limeingia kupitia mapazia ninayoyashona, utaapa kwamba unaziona nyaya. Mimi nimeshaziona mara nyingi. Kuna siku nilipita nyuma ya kiti chake nimeinama, nisije nikazikata.

Vijana hawajui opareta ni nini, basi niwaeleze kabla hawajanikodolea macho. Zamani hukuweza kumpigia mtu moja kwa moja. Uliinua mkono wa simu, kwenye mitambo ya simu ya mji kikawaka kitaa kidogo, na mwanamke mwenye visikizi masikioni akakuuliza, "Namba, tafadhali?" Ukishamtajia, alichukua waya wenye plagi na kuuchomeka kwenye tundu la huyo unayemtaka. Mwanamke huyo alikuwa mama. Mji mzima ulipita vidoleni mwake, wagonjwa, wachumba, mafundi na walevi, na namba zao zote alikuwa nazo kichwani.

Baba alitutoka kabla sijaanza kutembea, kwa hiyo baada ya shule sikuwa na pa kwenda ila kazini kwa mama. Msimamizi wa zamu, mwanamke mnene mwenye roho nzuri, alijifanya hanioni. Nilijikunja chini ya meza ya mitambo, kichwa juu ya kitabu cha simu, na huko juu sauti za mji zikawa zinatiririka. Maneno sikuyasikia. Ulikuwa mvumo tu, wenye joto, unaonishuka hadi miguuni, na mbele ya pua yangu viatu vya mama. Usingizi wa namna ile sijaupata tena, na nimelalia magodoro ya maana.

Kaka yangu hakuwa na bahati hiyo. Ananizidi miaka sita, na alipofika kumi na minne alipata nafasi katika shule ya bweni, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Akasoma, akawa mpimaji ardhi, na kazi ikamwingia hadi kwenye damu. Akiingia nyumbani kwako atakuambia mlango wako umeinama kushoto kabla hata hajakuamkia. Ndiyo maana namwita Mpimaji. Yeye naye huniita Pazia, kwa sababu ya kazi yangu, na kwa sababu anadai nina kawaida ya kufunika mambo. Nilikuwa nakataa.

Maneno yalianza kumtoka mama kichwani miaka minne iliyopita. Yalitoka kimya kimya, moja moja, kama wageni wanaoaga mapema ili wasisumbue. Kijiko kikawa "kile". Chumvi ikawa "kile". Asubuhi moja alisukuma kikombe cha chai akasema kwa sauti yake ya kazini, "Tatu."

"Tatu nini, mama?"

"Tatu, haraka!"

Nikagusa kikombe, kikaniunguza. Ndipo nikakumbuka: tatu ilikuwa namba ya zimamoto.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kisha nikalia, kwa sababu nilielewa kwamba mama anahama, na katika vitu vyote vya maisha yake ameamua kubeba mitambo.

Tangu hapo nikajifunza lugha mpya nikiwa na umri wa kutafuta miwani. Kumi na mbili ni hospitali: anaumwa mahali. Arobaini na tano ni kiwanda cha mikate: ana njaa. Sabini na moja ni ukumbi wa sinema, nami namwashia televisheni. Nikimchelewesha kuoga maji yakapoa, ananitazama kwa jicho kali na kusema, "Moja," yaani polisi. Nimeshtakiwa polisi mara nyingi ndani ya nyumba hii kuliko mwizi yeyote wa mjini.

Mimi sikuwa na namba. Nilingoja sana anipe, hata ya kuazima. Lakini nyumba yetu haikuwa na simu miaka ile, opareta mwenyewe hakuwa na simu, na mtu aliye miguuni pako humpigii. Akinihitaji huinua kiganja tu kuelekea upande niliopo. Siwezi kusema hilo halikuniuma. Liliniuma.

Ugomvi ulianzia kwenye viatu. Siku hiyo nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja, natundika mapazia, na jirani niliyemwomba akae na mama akasinzia. Mama akavaa viatu vyake vyeusi vya kazi, akatoka, akafuata njia aliyoifuata miaka thelathini na moja, akafika salama. Jengo la simu siku hizi ni duka la vigae. Akasimama mbele ya muuzaji na kumwomba ampishe kwenye kiti, zamu yake imeanza. Muuzaji yule, Mungu ambariki, alimpisha. Kisha akamtafutia kwenye mkoba karatasi yenye simu ya ndugu, na karatasi aliyoipata ilikuwa ya kaka.

Kesho yake asubuhi kaka alikuwa sebuleni kwangu, na safari hii hata mlango hakuutaja.

"Angegongwa na gari," akasema.

"Hakugongwa."

"Pazia, nakuuliza kwa utaratibu. Angegongwa, ungejuaje?"

Mimi nikikosa jibu hupandisha sauti. "Wewe unayejua kila kitu, mara ya mwisho umemkata kucha lini?"

"Nimepata nyumba ya kutunzia wazee karibu na ofisi yangu. Ina wauguzi, ina bustani, ina lango linalofungwa. Nitamwona kila siku."

"Mama si mbuzi wa kufungiwa lango."

"Na hapa yuko wapi? Si umemfungia kwenye mapazia?"

Mama alikuwa dirishani, mikono inapanda na kushuka. Alitugeukia, akaweka kidole mdomoni, akasema, "Shii. Kuna watu kwenye laini." Tukanyamaza wote wawili, wazee wazima, mmoja ana mvi kichwa kizima. Lakini alipogeuka tu, kaka akachukua kofia yake akaondoka, na baada ya mwezi nikaletewa barua ya mahakama. Alikuwa ameomba afanywe msimamizi wa mama kisheria, ili neno la mwisho kuhusu makazi yake na matibabu yake liwe lake peke yake.

Nami nikapinga, nikaomba niwe mimi.

Mwaka mzima hatukusemeshana. Kama kaka alitaka kujua mama ameamkaje, alimwambia wakili wake, wakili wake akamwandikia wakili wangu, wakili wangu akanipigia mimi, nami muda wote huo nimeketi kitandani kwa mama na bakuli la uji mkononi. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, na likifika, uji wenyewe umeshaliwa na mama yuko kwenye jambo jingine. Mawakili ni watu wazuri, lakini mitambo yao ni ya polepole.

Katika hati yake ya kiapo kaka aliandika kwamba mama "hana tena uwezo wa kueleza matakwa yake, na hutaja namba zisizo na maana yoyote". Sentensi hiyo niliisoma nimesimama jikoni, na sufuria ikaungua hadi mpini. Nikakaa na kalamu siku tatu. Nikaandika namba zote za mama na maana zake, kurasa tatu, namba arobaini na sita, wakili akazipiga chapa na kuziambatanisha. Kesi yangu ikawa fupi: mama bado anajua anachotaka, muulizeni mwenyewe, mimi nitawatafsiria.

Siku ya kusikilizwa, hakimu alitupokea ofisini kwake ili mama asiogopeshwe na ukumbi wa mahakama. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, mpole lakini si wa kuchezewa. Mapazia ya ofisi ile yalipungua kiganja kizima kufika chini. Hata siku kama ile nililiona hilo. Mwanga wa asubuhi ulipita pale chini ukalala juu ya viatu vya mama. Kila mtu alisema kwa sauti ya chini, karatasi zikafunuliwa taratibu, na kwa muda nikahisi kwamba hatuko mahakamani kabisa, tuko ndani ya usingizi wa mmoja wetu, sijui wa nani.

Hakimu akashika orodha yangu. "Mama, hujambo? Umekula asubuhi?"

Mama akamtazama kwa adabu. "Arobaini na tano."

Hakimu akashusha kidole kwenye karatasi, akatabasamu. Akamwomba karani alete biskuti, na mama akala mbili. Wakili wa kaka, kijana mwenye viatu vipya vinavyolia kila akivuka mguu, akaacha kuvuka mguu. Nikajua tunashinda.

"Mama," hakimu akasema, akainama karibu naye, "watoto wako wote wawili wanakupenda, na kila mmoja anataka ukae chini ya uangalizi wake. Wewe ungependa kuwa na nani?"

Mkono wa mama ukapanda. Ukachomoa waya ambao hakuna aliyeuona, ukautafutia tundu juu kidogo kushoto, ukauchomeka.

"Mia mbili na sitini," akasema.

Hakimu akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavua miwani. "Hii haimo."

Haikuwamo kwa sababu sikuiandika. Mia mbili na sitini ilikuwa namba ya shule ya kaka. Kila siku saa kumi jioni, laini zikiwa zimetulia na mimi nikiwa nimelala fofofo chini ya meza, mama aliiunganisha ofisi ya mwalimu mkuu na kuzungumza na mwanawe dakika mbili. Kanuni zilikataza opareta kupiga simu zake mwenyewe. Mwanamke yule hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, hakuwahi kumsikiliza mtu kwa siri, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake pekee. Aliniambia mwenyewe alipostaafu, anacheka kama msichana.

"Ni nyumba yetu, mheshimiwa," nikasema. "Nilisahau kuiandika. Ni hapa nyumbani."

Sauti haikutetemeka. Nashangaa mpaka leo.

Kaka akainua macho. Alijua nyumba yetu haikuwa na simu. Alijua namba ile kuliko mtu yeyote duniani, maana kwa miaka minne ndiyo iliyomtoa darasani mbio. Lakini ili aseme hivyo ilimpasa amwambie hakimu kwamba namba za mama zina maana, na yeye alikwishaapa kwamba hazina. Nilimtega, na nilimtega kwa makusudi. Nikangoja asimame. Wakili wake akamnong'oneza kitu, yeye akatikisa kichwa, akaendelea kumtazama mama akikung'uta makombo ya biskuti kwenye sketi.

Hakimu akasema ataamua baada ya wiki mbili.

Nje, kwenye korido, tulimkalisha mama kwenye benchi akasinzia papo hapo, kichwa kimeegemea begani kwangu. Mawakili wakaenda zao. Kaka akaketi upande wa pili wa mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na yangu nilikuwa nayo tayari.

"Huwa anaitaja mara ngapi?" akauliza.

Ningeweza kudanganya tena, njia nilishaizoea.

"Kila siku," nikasema. "Saa kumi."

"Tangu lini?"

"Tangu maneno yaanze kumtoka."

Kaka akahesabu kitu kwa midomo bila sauti, kisha akaacha. "Miaka minne. Na mimi niko na simu mfukoni."

"Ndiyo."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

Hakuniita Pazia. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa ulikuwa umeshanijaa hadi kooni. Nikamwambia mimi ndiye ninayemvalisha, ninayembadilisha shuka, ninayeshtakiwa polisi, na jioni ikifika anayetafutwa ni yeye. Kwamba kila saa kumi nilimwambia mama laini ina shughuli, ajaribu baadaye, naye kwa kuwa ni mtu wa kazi aliamini. Nilisema nikiwa na hasira, na katikati ya kusema hasira ikaniishia, ikabaki aibu tupu.

Kaka alifuta uso kwa kofia. "Mimi nilidhani amenisahau," akasema. "Nilidhani zile namba ni kelele, na mimi simo. Ndiyo maana nilitaka niwe naye karibu. Nilitaka anikumbuke."

"Twende ndani. Nitamwambia hakimu nimedanganya."

"Utamwambia. Lakini kwanza kesho nije saa kumi."

Nitangulize mwisho wa kesi, usije ukakaa roho juu. Niliandika barua na kukiri uongo wangu, naye akaandika kwamba kiapo chake kuhusu namba hakikuwa sahihi. Hakimu alituita akatukaripia mpaka viatu vya yule wakili vikanyamaza, na tulistahili. Kisha akatufanya wasimamizi wote wawili, kila jambo kwa sahihi mbili. Mama anakaa hapa, na kaka amehamishia meza yake ya ramani kwenye chumba cha mapazia wiki mbili za kila mwezi. Tunagombana kila siku, lakini sasa tunagombana kwa mdomo.

Siku ile ya kwanza, kesho yake baada ya mahakama, kaka alifika saa tisa. Mama alimpokea kama mgeni: akamkaribisha, akamwonyesha kiti, akageukia dirisha lake. Hakumtambua. Kaka alikaa ameweka mikono magotini, mzee wa miaka hamsini na minane, na nikaona anajuta kuja. Upepo ulijaza mapazia, ukayaachia, ukayajaza tena. Nilisimama mlangoni na kitambaa begani, nikijifanya napima pindo.

Saa kumi, mkono wa mama ukapanda.

"Mia mbili na sitini."

Kaka akanitazama mimi, kana kwamba ndiye ninayepaswa kufanya kitu. Nikatikisa kichwa. Akakohoa, akageuza uso pembeni ili mama asimwone midomo.

"Halo," akasema. "Mia mbili na sitini, shule ya wavulana."

"Niitie mwanangu, tafadhali, mwalimu. Nina dakika mbili."

"Ni mimi, mama."

Mama akainamia dirisha. Na hapo, sielewi ilikuwaje na sitaki mtu anieleze, maneno yakaja. Yote, mazima, yamepangwa, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Sauti yako ina njaa. Unalia?"

"Hapana."

"Usilie, baba. Sikukupeleka mbali kwa kuwa nimekuchoka. Nilikupeleka kwa sababu wewe utaweza."

"Ndiyo, mama."

"Na usihangaike na mimi. Mdogo wako yuko na mimi hapa. Ana hasira za karibu, lakini huyo ndiye niliyemshikilia, wengine wote ni wa kupita kwenye laini. Siku asipokuwepo nami sipo."

Nilishika pindo la kile kitambaa kwa mikono miwili. Miaka minne, kila saa kumi, niliikata simu hiyo kabla haijafika hapo.

"Nimesikia, mama," kaka akasema.

"Lakini usimwambie. Atavimba kichwa."

"Simwambii," kaka akasema, huku ananitazama.